Tuliodharauliwa Tusidharau



Ndugu msomaji, mara nyingi katika safu hii tumewaeleza wazazi namna ya kupokea posa, namna ya kumchunguza mchumba na namna ya kuepuka mahari ya kukomoa. Juma hili nitaandika juu ya posa iliyofika katika ukoo wangu mwenyewe, nami nikawa miongoni mwa waliokosea. Naomba nisomwe kama mtu anayekiri, si kama mtu anayefundisha.

Baada ya msimu wa korosho uliopita, mshenga alifika nyumbani kwa dada yangu, Newala. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, na barua aliyoileta ilikuwa imeandikwa kwa mkono mzuri. Kijana aliyeposa ni fundi seremala, mwenyeji wa Masasi. Anaswali, hana deni linalojulikana, na msikitini kwao ndiye anayerekebisha milango na madirisha bila kudai ujira. Tulikaa barazani watu saba. Shemeji yangu, baba wa binti, alikaa kimya, kwa kuwa kwetu sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la wajomba husubiriwa. Na mjomba mkubwa ni mimi.

Mzee wetu mmoja akauliza, “Huyo kijana kwao ni wapi?”

Mshenga akajibu, “Masasi, baba.”

“Masasi ni kubwa. Babu yake alizaliwa wapi?”

Mshenga akasita kidogo, kisha akasema kweli: “Ng’ambo ya mto, baba. Alikuja zamani kukata mkonge.”

Mzee akaikunja ile barua. “Basi huyo ni Mmawia,” akasema, wala hakuongeza neno. Macho yote yakanigeukia. Nami nilijua kuwa kijana hana kasoro, na nilijua kuwa barua ile ilikunjwa kwa dhuluma. Nikasema, “Tutajibu.” Kila aliyekuwapo alifahamu maana ya jibu lile. Mshenga akanywa chai yake, akaaga, akaondoka.

Jioni ile binti alinijia. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: “Mjomba, kwani wewe ulipokuwa Dar es Salaam, walikuwa wakikuitaje?”

Ndugu msomaji, swali lile lilinikosesha usingizi, kwa sababu watoto wa dada yangu wamekua wakinisikia nikisimulia habari za Dar es Salaam kama kichekesho. Nilikwenda huko nikiwa kijana, mwaka 1986. Nilipotafuta chumba cha kupanga, mama mwenye nyumba aliniuliza kabila. Nikamwambia. Akasema chumba kimekwisha kuchukuliwa, na kesho yake nikakiona kingali wazi. Kazini niliitwa kwa kabila langu badala ya jina langu, na nilipokosea jambo, kabila lote lilikosea pamoja nami. Haya niliyasimulia kwa kucheka. Lakini liko moja ambalo sikulisimulia kamwe.

Bibi yangu alikuja mjini kutibiwa macho. Alikuwa na nembo usoni, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya aliyoivaa tangu usichana wake. Tuliposhuka katika basi, watoto walitufuata nyuma wakicheka na kunyoosha vidole. Mimi nikaongeza mwendo. Nikatembea hatua kumi mbele yake, ili watu wasijue kuwa yule ni bibi yangu. Alinilea yule mama. Alikuwa akiteremka genge la uwanda na mtungi kichwani kutafuta maji, kisha akipanda nao, ili mimi nioge kabla ya kwenda chuoni. Nami nikamwacha atembee peke yake katikati ya kicheko cha watu.

Hivyo ndivyo dharau ifanyavyo kazi. Humfanya aliyedharauliwa aone haya juu ya watu wake, kisha, akipata nafasi, atafute mtu aliye chini yake wa kumdharau ili naye apumue. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam alinisukuma mimi. Nami, miaka mingi baadaye, nikamsukuma fundi seremala wa Masasi. Wahenga wamesema mwenye kovu usidhani amepoa. Kovu lililonibakia halikunifundisha huruma. Lilinifundisha kusukuma.

Tuitazame kidogo historia ya kosa hili. Ukisimama Newala mahali paitwapo Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaliona bonde la Ruvuma, kisha Msumbiji ng’ambo yake. Wazee wetu walisimama ukingoni hapo wakitazama walikotoka. Masimulizi ya Wamakonde wa upande huu yanasema kwamba asili yao ni kusini ya mto. Wayao na Wamakua wa Masasi nao wana masimulizi yao ya kutoka Msumbiji. Wengi waliopanda uwanda huu walifuata usalama: vichaka vyake vizito na ukosefu wake wa maji viliwachosha watekaji waliokuwa wakikusanya watu wa kupeleka pwani, Kilwa na kwingineko. Masasi nayo ilipokea watu waliovunjikiwa kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana aliwaleta hapo watu waliookolewa utumwani, ambao wengi wao hawakuweza tena kurejea katika vijiji walivyotekwa. Kwa hiyo swali la nani alivuka mto halitutenganishi sisi kwa sisi, maana jibu lake ni kwamba sote tulivuka. Tofauti yetu ni kwamba baadhi yetu walivuka mapema.

Waliovuka baadaye ndio waliopewa jina la Wamawia, au Wamaviha kama wengine wanavyotamka. Walikuja wakati wa ukoloni wakikimbia kazi za shokoa na kodi za Wareno, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na Tanga. Kisha vita vya ukombozi vya FRELIMO vilipoanza Septemba 1964, maelfu wengine walivuka wakiwa wakimbizi. Lugha yao ni ndugu ya lugha yetu, nyimbo za jando lao ni ndugu ya nyimbo zetu, na hata nembo za usoni zilifanana. Lakini tulisema kwamba nembo zao ni nzito zaidi, kwamba wao ni wakali, kwamba hawajastaarabika. Yale yale tuliyoambiwa sisi Dar es Salaam tuliwapa wao, bila hata kubadilisha maneno.

Na wale wa jamaa zao waliokwenda mbali zaidi, hadi Kenya, waliona jambo zito kuliko kukataliwa posa. Walikwenda Kwale kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wakaoa huko, wakazaa, wakazikana huko. Lakini baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963 hawakuhesabiwa kuwa raia, na watoto wao wakarithi hali hiyo hiyo. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu, hapigi kura, na kijana aliyesoma hapati ajira. Wapo waliojiandikisha kwa majina ya makabila ya jirani ili mtoto apate karatasi. Hebu fikiri, msomaji, mzazi anamfundisha mwanawe aikane asili yake ili aishi.

Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wa namna hiyo, lakini mlango ulio wazi bila mtu wa kukuingiza ni sawa na uliofungwa. Oktoba 2016, mamia yao wakiwamo wazee na akina mama walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Walisaidiwa na mashirika ya haki za binadamu na majirani waliochoka kuona dhuluma ile. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho, na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwanzoni mwa 2017 wazee walioishi maisha yote bila karatasi walikuwa wameshika vitambulisho mikononi.

Tulipozisikia habari hizo huku Newala tulifurahi. Tulisema, “Wenzetu wamepata haki.” Msomaji, zingatia neno hilo: wenzetu. Wakiwa Kwale ni Wamakonde wenzetu. Wakija barazani petu na barua ya posa ni Wamawia.

Sasa tuirejee dini yetu, maana wengi wetu huulinda ubaguzi huu kwa kauli za kidini. Allah Ta’ala katika Surat al-Hujurat ametukataza kudharauliana na kuitana majina ya kubeza, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau. Kisha, aya mbili baadaye, ametufahamisha kwamba ametuumba kutokana na mume na mke na kutujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni mchamungu zaidi. Makabila yamekusudiwa yatutambulishe. Sisi tumeyafanya ngazi, kila mtu amkanyage aliye chini yake.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Abu Dharr (Allah amridhie) aligombana na mtu, akamtukana kupitia mama yake. Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) alimwambia kwamba bado ndani yake mna ujahiliya. Abu Dharr hakuwa mtu wa jana katika Uislamu. Alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu. Nasi tunaohesabu ukoo kwa mama tuitazame hadithi hii mara mbili. Kumwambia mtu kuwa asili yake haifai ni kumtukana mama yake na bibi yake, hata kama hukutaja tusi.

Yupo atakayesema, “Vipi kuhusu kufu? Je, wanazuoni hawakusema kuwa mume awe kufu ya mke?” Ni kweli. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani na bara yake tumelelewa nayo, nasaba imetajwa miongoni mwa mambo ya kufu. Imamu Malik yeye aliiegemeza kufu katika dini. Lakini hata kwa wanaoitaja nasaba, kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wao wakiridhika, ndoa ni sahihi. Kufu iliwekwa kumlinda mwanamke asidhurike. Haikuwekwa kumpa mjomba kisingizio cha kuilinda sifa ya ukoo.

Na tutazame vitendo vya Mtume mwenyewe. Fatima binti Qays alikuwa mwanamke wa Kikureshi. Alipoposwa na wanaume wawili maarufu, Mtume alimshauri aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake alipata kuwa mtumwa na mama yake alitoka Uhabeshi. Mwanzoni Fatima hakupendezwa. Kisha akatii, na mwenyewe akasimulia baadaye kuwa Allah alitia kheri katika ndoa ile. Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim. Ukikaa barazani kuipima nasaba ya kijana, jiulize kama baraza lako lingemkubali Usama.

Lipo jambo jingine ambalo sisi wa kusini tunapaswa kulisema wazi. Katika sheria ya Kiislamu, mjomba si walii wa ndoa. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume, na kuendelea katika upande wa baba. Desturi yetu ya kumshirikisha mjomba ni desturi njema. Inaunganisha koo na kumpa binti mtetezi. Lakini ikiwa mjomba anakuwa kufuli, naye baba mwenye haki anakaa kimya, basi desturi imevuka mpaka wake. Na hata walii mwenyewe hana ruhusa ya kumzuia binti bila sababu ya kisheria. Wanazuoni wameeleza kwamba akifanya hivyo, binti ana haki ya kulipeleka shauri lake mbele ya kadhi.

Dola nayo imesema neno lake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila lake au mahali alipotokea. Lakini hakuna askari atakayekuja barazani kwako kusikiliza namna unavyoijadili barua ya posa. Pale unabaki wewe, jamaa zako na Mola wako. Kwa sababu hiyo naona posa ndiyo mizani ya kweli. Msikitini tunasimama safu moja, bega kwa bega, na kusimama huko hakutugharimu kitu. Gharama huanza pale yule uliyeswali naye bega kwa bega anapomposa binti yako.

Basi tufanye nini? Nataja machache ambayo familia inaweza kuyaanza juma hili.

Kwanza, tubadilishe maswali. Posa ikija, tuulize juu ya swala ya kijana, tabia yake, namna anavyowatendea mama yake na dada zake, kazi yake na madeni yake. Hayo ndiyo yatakayoingia naye ndani ya nyumba. Mahali alipozaliwa babu yake hapatampiga binti yako wala hapatamlisha.

Pili, tusafishe ndimi mbele ya watoto. Watani wapo, na utani wetu wa makabila ni urithi mzuri. Mtani hukutania usoni, nawe ukamrudishia, kisha akaja kukuzikia. Ila neno linalosemwa nyuma ya mtu, ambalo yeye hana nafasi ya kulijibu, hilo si utani. Hata neno “machinga”, ambalo kwa asili ni jina la kabila la Lindi, tulitamke kwa kukumbuka kwamba linataja watu, na kwamba wengi waliokuwa wakikimbizwa na bidhaa zao mitaani walikuwa vijana wa kusini wakitafuta riziki ya halali.

Tatu, tuwasimulie watoto historia yote, pamoja na ile inayotuaibisha. Mtoto anayejua kwamba babu yake naye alivuka mto hatapata ujasiri wa kumcheka mwenzake aliyevuka jana.

Nne, tunapokosea, tutengeneze. Toba ya kumdhulumu mja haikamiliki bila kumrudia mja huyo.

Hili la nne ndilo lililonilazimu kusafiri. Siku ya tatu baada ya swali la binti, mimi, dada yangu na shemeji tulishuka Masasi. Kwa desturi hatukupaswa kwenda. Upande wa mke hausafiri kuifuata posa. Tulipofika, tulipelekwa kwa babu wa kijana, mzee sana, ameketi juu ya mkeka chini ya mwembe. Nembo zake usoni zilikuwa kama za bibi yangu. Nilijieleza, nikaomba radhi kwa jibu tulilotoa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwanangu, ukoo wenu wa upande wa mama ni upi?” Nikamtajia. Akatabasamu. Akasema mama yake mzazi, huko Msumbiji, alikuwa na jirani wa ukoo huo huo, wakikopeshana mbegu za mtama kabla yeye hajavuka.

Shemeji yangu, ambaye kwa miaka yote nimemzoea akiwa mkimya mbele yangu, ndiye aliyelitoa jibu la posa, kwa kuwa ni lake kulitoa. Nikah itafungwa Newala, inshaallah, baada ya mavuno. Yule mzee wetu aliyeikunja barua hajasema kama atahudhuria. Dada yangu amekwisha kuniagiza kwamba mkeka wake utandikwe mahali pake pale pale pa siku zote, na mimi ndiye nitakayekwenda kumwita.

Kuhusu bibi yangu, alifariki zamani, na zile hatua kumi siwezi tena kuzirudisha nyuma. Ninalolimudu ni kumwombea dua, na kutomwacha mtu mwingine atembee peke yake katikati ya kicheko nami nikiwapo.

Tunamwomba Allah atusamehe tuliyoyasema na tuliyoyanyamazia, azisafishe nyoyo zetu na kiburi cha nasaba, na awajaalie watoto wetu wawe bora kuliko sisi. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.